Makumbusho ya Hansa, Lübeck: Tiketi Inayokuvisha Kilemba cha Mfanyabiashara wa Kale

Anayetaka kujua msafiri wa karne za kati alihisi nini alipoukaribia mji wa Kijerumani hana haja ya kukodi joho wala kungoja tamasha la mapanga. Apande treni Hamburg, safari ya takriban dakika 45, ashuke Lübeck, kisha atembee hadi upande wa kaskazini wa mji wa kale, kwenye kilima cha ngome, yalipo Makumbusho ya Ulaya ya Hansa, yaani ule muungano wa kale wa wafanyabiashara na miji ya biashara ya Ulaya ya kaskazini, yaliyofunguliwa mwaka 2015. Nilikwenda na mashaka yangu, kwa kuwa nimeshaona sehemu nyingi zinazodai kumrudisha mgeni nyuma na mwisho zikamwachia sanamu mbili za nta na sauti ya farasi iliyorekodiwa. Hapa niliona mambo mengine, na yalianzia kwenye tiketi.

Mgeni anapokata tiketi huchagua lugha, mji mmoja kati ya miji ya Hansa na mada atakayoifuatilia. Akiwa ndani, huigusisha tiketi hiyo kwenye alama iliyo ukutani, na maelezo yanayomhusu hujitokeza. Lugha ni nne: Kijerumani, Kiingereza, Kiswidi na Kirusi. Mimi nilifuata biashara, kama atakavyofanya yeyote aliyelelewa Mombasa karibu na bandari ya kale, masikio yakiwa yamezoea habari za majahazi, za pepo na za madeni. Watu wawili waliofuatana hawasomi mambo yaleyale, kwa hiyo mazungumzo ya njiani huwa matamu: kila mmoja ana lake la kumsimulia mwenzake.

Ziara huanza kwa kushuka kwa lifti hadi kwenye mabaki yaliyochimbuliwa chini ya kilima, kisha mgeni hujikuta ukingoni mwa mto Newa, mwaka 1193, mahali ambapo shehena iliyovuka bahari ilihamishiwa kwenye vyombo vidogo ili ipandishwe hadi Novgorod, mji wa Urusi. Hapo ndipo niliposimama muda mrefu kuliko kwingine. Wafanyabiashara wa Kijerumani waliokwenda Novgorod waligawanyika makundi mawili, wasafiri wa kiangazi na wasafiri wa kipupwe. Hawa wa pili walifika na merikebu za mwisho kabla ya barafu kufunga njia, wakakaa ugenini hadi majira yafunguke. Msomaji wa pwani yetu, anayejua maana ya kungoja kusi ili chombo kirudi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Walichokifuata huko kilikuwa nta na manyoya ya wanyama wa nchi za baridi, na walichokipeleka kilikuwa vitambaa vya sufu, chumvi na samaki. Bidhaa za thamani walizihifadhi ndani ya kanisa lao la Mtakatifu Petro, kwa sababu jengo la mawe haliungui kwa urahisi kama nyumba za mbao zilizolizunguka. Kumkopesha Mrusi au kukopa kwake kulikatazwa na kanuni zao wenyewe. Nta ilipoletwa, mnunuzi alikuwa na haki ya kuimegamega ili ahakikishe haikuchanganywa na uchafu, na kwenye manyoya alidai nyongeza ya kufidia yale mabovu. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka marehemu bibi yangu akikata jora sokoni na kudai shubiri moja ya ziada.

Vyumba vya makumbusho vinavyoonyesha Bruges na London vinapendeza kwa macho, hasa majora ya vitambaa, lakini sitakaa navyo. Kinachostahili kutajwa ni kile cha Bergen, Norwei, ambako Wajerumani hao walinunua samaki wa kukaushwa, ndugu wa ng'onda wetu, ila hawa hawakutiwa chumvi: walianikwa wakakaushwa na upepo wa baridi. Vijana waliopelekwa huko hawakuruhusiwa kuoa, waliishi katika nyumba za mbao ambamo moto ulikatazwa kwa hofu ya kuunguza mtaa mzima, na wageni wapya walipitishwa kwenye michezo ya ukatili kabla ya kukubaliwa. Utajiri wote wa Lübeck unaouona baadaye juu ya ardhi, ujue kuna kijana aliyetetemeka kwa ajili yake.

Ndiyo maana nashauri makumbusho yatangulie na mji ufuate. Nje, lango la Holstentor, lililojengwa kati ya 1464 na 1478, limeinama kwa kuwa udongo wake ni wa kinamasi, na pembeni mwake yako mabohari ya chumvi iliyoletwa kutoka Lüneburg. Asiyejua kwamba bila chumvi hiyo samaki wa heringi wangeoza kabla ya kufika sokoni ataona majengo mazuri tu. Katika kanisa la Mtakatifu Maria, kengele zilizoanguka katika shambulio la mabomu la mwaka 1942 zimeachwa zilipoangukia, zimevunjika, na sakafu imepasuka chini yake.

Chakula kiliniangusha kidogo. Mkahawa mmoja, ambao sitautaja, ulinadi karamu ya enzi za Hansa, nami nikaletewa viazi na mchuzi wa nyanya, vitu ambavyo havikuwahi kuonekana Ulaya kabla meli hazijarudi kutoka Amerika. Heringi mwenyewe alikuwa mtamu, sina budi kukiri.

Jipe saa tatu kwa makumbusho, ambayo hufunguliwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na usiondoke bila kupita kwenye monasteri ya kale, yaani jengo la Burgkloster lililounganishwa nayo, ambalo wengi huliruka kwa uchovu. Kisha jioni ingia kwenye vichochoro vinavyopenya chini ya nyumba za mbele na kutokea kwenye vijumba vya nyuma, walikoishi mafundi na vibarua. Husemwa kwamba kila kichochoro kilitakiwa kiwe na upana wa kutosha kupitisha jeneza. Nilinyoosha mikono katika kimoja, nikashindwa kuinyoosha yote, na viwiko vikagusa kuta. Watu bado wanaishi humo na waridi zimepandwa milangoni, kwa hiyo punguza sauti, kwani hakuna wa kumpigia hodi.