Kifaa cha kukagua URL cha Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti: kizuri, ila picha yake isikuhadae

Tovuti ya duka la leso la Biashara Street yaweza kuwa na leso mia mbili, na Google isione hata moja. Leso zenyewe hazimo kwenye HTML, yaani msimbo wa ukurasa, inayotoka kwa seva. JavaScript, programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, ndiyo huzileta ukurasa ukishafunguka. Googlebot, roboti ya Google inayosoma kurasa, husoma HTML kwanza, kisha ukurasa hukaa foleni hadi ufunguliwe kwa kivinjari cha Chromium. Kujua Googlebot inaona nini huko, kifaa hiki ndicho cha kuanzia, na ni cha bure.

Thibitisha kwanza kuwa tovuti ni yako, kwa rekodi ya DNS (mipangilio ya jina la tovuti) au faili la HTML. Bandika anwani ya ukurasa, pima papo hapo, kisha fungua ukurasa uliopimwa. Utapewa picha, HTML, mafaili yaliyogoma kupakia na makosa ya JavaScript. Picha huonyesha sehemu ya juu tu, kwa hivyo ingia kwenye HTML utafute jina la leso ya mwisho kabisa, tuseme "Wema hauozi". Lisipokuwemo, Google hailioni.

Mara nyingi mkosaji ni robots.txt, faili linaloziambia roboti zisiingie wapi, iliyofungia folda ya JavaScript au ya data. Kama si hiyo, basi leso zinangoja mtu ateremshe ukurasa au abonyeze "Onyesha zaidi", na Googlebot haifanyi lolote kati ya hayo. Linki nayo iwe <a href>, si kitufe cha onclick kinachotegemea JavaScript. Anwani za # ndizo mbaya zaidi: kinachofuata alama hiyo hutupwa, leso zote zikawa ukurasa mmoja. (Dawa ya zamani ya kuandika #! kwenye anwani, Google iliacha kuipendekeza 2015. Anayekuuzia leo amechelewa.) Na noindex, agizo la kutoingiza ukurasa kwenye faharasa ya Google, ikiwa kwenye HTML ya mwanzo, kuiondoa kwa JavaScript hakusaidii, maana Google huenda isiufungue ukurasa kabisa.

Kasoro zake? Hupima ukurasa mmoja mmoja, na maombi ya kuingizwa kwenye faharasa yana kikomo kwa siku. Kufaulu kipimo pia si ahadi kwamba ukurasa utaingia. Tena hiki ni cha Google tu, na si injini zote za utafutaji zinazoimudu JavaScript kwa kiwango hicho. Jina la leso na bei yake vitoke kwa seva vikiwa tayari ndani ya HTML. JavaScript ibaki na kikapu.

Nakipa nne kwa tano.