DNP au PhD: uzamivu wa uuguzi Marekani, upi una faida kwako?

PhD ya uuguzi Marekani humwandaa mtafiti: miaka minne hadi sita kwa kawaida, tasnifu, na mwisho wake mara nyingi ni kazi chuoni. DNP ni uzamivu wa vitendo. Badala ya tasnifu unafanya mradi wa kuboresha huduma, tuseme kupunguza maambukizi yatokanayo na mipira ya mkojo wodini. Anayetaka kubaki na wagonjwa, au kuwa mkurugenzi wa uuguzi, achukue DNP. PhD itamchosha bure.

Msichukulie kila neno la matangazo ya vyuo kuwa kweli. Mwaka 2004 AACN, umoja wa vyuo vya uuguzi, ulipendekeza DNP iwe sharti la kuingia kwenye uuguzi wa ngazi ya juu, yaani wa wauguzi wanaotibu na kuandika dawa, ifikapo 2015. Mwaka ukapita, na uzamili bado unakubalika kwa wengi. Wauguzi wa usingizi ndio wamebanwa kweli: tangu Januari 2022 kila mwanafunzi mpya lazima aanze katika programu ya uzamivu.

Mwenye digrii ya kwanza husoma DNP miaka mitatu hadi minne, mwenye uzamili mmoja hadi miwili. Hapo kwenye ufupi ndipo pana mtego: DNP ya uongozi haikupi ruhusa ya kutibu na kuandika dawa. Kama uzamili wako ulikuwa wa utawala na sasa unataka kliniki, tafuta programu yenye pathofisiolojia, famakolojia na upimaji wa mgonjwa kwa ngazi ya juu, kisha ufanye mtihani wa bodi wa kundi la wagonjwa ulilosomea.

Saa za vitendo nazo zihesabu mapema. Kiwango kilichozoeleka ni 1,000 baada ya digrii ya kwanza, na zile za uzamili huingizwa mradi chuo cha zamani kizithibitishe kwa maandishi. Ukithibitishiwa 600, zimebaki 400. Kwa saa 16 kila wiki hizo ni wiki 25, juu ya zamu zako. Barua hiyo iombe kabla ya kutuma maombi, maana ofisi za kumbukumbu hazina haraka.

Kasoro kubwa ya programu za mtandaoni ni msimamizi wa vitendo. Nyingi humwachia mwanafunzi amtafute mwenyewe. Ukimkosa, muhula unasogea mbele na ada inaongezeka. Hata ukimpata, mkataba kati ya chuo na hospitali unaweza kuchukua miezi. Swali la kwanza kwa afisa udahili liwe: nani anamtafuta? La pili: mna idhini ya kufundisha wakazi wa jimbo langu? Ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi, utaiangalia mwenyewe.

Mradi hukwama pale meneja aliyeuidhinisha anapohama, au takwimu zinapohitaji kibali kipya. Chagua jambo ambalo hospitali tayari inalipima kila mwezi.

Kwa fedha PhD inashinda, kwani wanafunzi wa muda wote mara nyingi hupata ufadhili. DNP hulipiwa mfukoni, kwa mkopo au na mwajiri. Anayekusudia kufundisha aulizie mkopo wa serikali kuu kwa walimu wa uuguzi: katika vyuo vinavyoshiriki, hadi asilimia 85 husamehewa ukifundisha miaka minne kwa ajira kamili.

EdD, uzamivu wa elimu, ipo pia, kwa wapenda ualimu. Kabla ya kulipa, uliza chuo unachotaka kuajiriwa kama kinaipokea kwa nafasi za kudumu.