Kisanduku cha dawa chenye kufuli: nyota tatu

Nimekuwa muuguzi miaka 26. Nilipoanza, waraibu tuliowapokea walikuwa na makovu ya sindano mikononi. Siku hizi kijana anakuja na tramadoli, dawa ya maumivu, mfukoni, au diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, aliyoandikiwa bibi yake. Si jambo geni sana: heroini yenyewe ilianza kuuzwa na kampuni ya dawa ya Bayer mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi.

Kisanduku hiki nilikinunua siku nilipohesabu vidonge vyangu vya kodeini, vya maumivu ya mgongo, nikakuta vinane havipo. Sikumuuliza mtu. Nilijua.

Bati ni zito, bawaba imara, na ndani zinaenea chupa sita zikiwa wima. Kinachoniudhi ni kufuli la namba: magurudumu matatu tu, na la kati hunasa kwenye 7. Mwenye subira atalifungua kabla chai haijapoa. Nimebandika kikaratasi ndani ya kifuniko, naandika idadi kila nitoapo kidonge. Hicho kimenifaa kuliko kufuli lenyewe.

Halafu hakina matundu ya skrubu chini. Mtu anaweza kukibeba kwapani akaondoka nacho kizima!