Flashi ya hotuba za Mwalimu, GB 8: sauti safi, majina ya mafaili ni balaa

Nimeinunua Kariakoo kwa kijana mwenye meza ya memori kadi na chaja. Alianzia 15,000, tukamalizana kwa 10,000. Mimi ni fundi cherehani Mwananyamala, na spika ya kibandani kwangu inalia kutwa, maana mteja anayesubiri kupunguziwa suruali asipokuwa na cha kusikiliza atakusimamia kichwani mpaka ukosee mshono. Taarabu walikuwa wameshazichoka. Nikasema ngoja niwawekee Mwalimu Nyerere.

Nianze na mazuri. Sauti haina ugomvi. Ile ya Novemba 1978 ya kumkabili Idi Amin, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, imetoka safi kabisa, na mtu akipita njiani lazima apunguze mwendo. Flashi haichagui kifaa, nimeichomeka kwenye redio ya zamani na kwenye subufa ya jirani, kote imesoma. Kasoro ndogo ni kwamba baadhi ya hotuba wamezichomekea kinanda kwa chini, zikawa kama matangazo ya vifo. Halafu kuna hotuba moja imerudiwa chini ya majina tofauti ili folda ionekane imeshiba.

Hayo majina sasa. "MWALIMU AWACHANA VIONGOZI WA SASA." "NYERERE ALITABIRI HAYA." "HUYU NDIYE ALIKUWA RAIS." Ukifungua la kwanza unakutana na Mei Mosi ya 1995, Mbeya. Kwa hiyo hao viongozi wa sasa ni wa 1995. Ukifungua la pili ni kipande cha mkutano wake na waandishi wa habari, Hoteli ya Kilimanjaro, Machi mwaka huohuo, anapozungumzia nyufa za taifa. Na lile la tatu, linalodai kumwonyesha akiwa rais, ni Mbeya tena, limekatwa tu pengine.

Mwalimu aling'atuka Novemba 1985. Ile Mei Mosi alikuwa mstaafu wa karibu miaka 10, na Ikulu alikuwa amekaa Mzee Mwinyi. Rushwa, udini na ukabila anavyovikemea mle ni vya nchi ambayo yeye hakuwa anaiendesha tena. Siku moja kijana wa bodaboda aliyekuja kuwekewa zipu akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Hivi ndivyo kiti kilivyokuwa kinakaliwa zamani." Mama mmoja mteja wangu wa vitenge, mtu mzima, akamjibu bila kuinua macho: "Mwanangu, alipokuwa anasema hayo alikuwa ameshainuka kitini."

Kijana hakumwelewa. Mimi nilimwelewa, nikaacha kushona.

Maana tunachokifanya ni hicho. Tunachukua maneno ya mstaafu asiye na bajeti, asiye na foleni ya mafuta wala askari wa kuwaamuru, tunayapambanisha na matendo ya rais aliyepo kazini. Hapo hakuna rais atakayeshinda, hata Mwalimu mwenyewe wa 1983 asingemshinda Mwalimu wa 1995. Na huyo wa 1983 ndiye ambaye flashi hii haina. Nimeisikiliza mpaka mwisho. Ikishavuka vita vya Kagera inaruka moja kwa moja hadi ustaafu.

Katikati hapo ndipo utoto wangu ulipo. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18, tukafunga na bado tukaendelea kufunga. Sukari na sabuni mpaka duka la kaya, na ukiondoka kwenye foleni unaweka jiwe likushikie nafasi. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, tumeula. 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, watu wakitupa bidhaa usiku wasikutwe nazo, na ikaja Nguvu Kazi, ukikutwa mjini huna kazi unarudishwa shamba. Vijana wakija hapa huniambia Mwalimu alijenga viwanda vya nguo, na ni kweli, Urafiki, Mwatex, Mutex. Lakini mzee aliyenifundisha cherehani alikuwa akisimulia kwamba miaka ile kazi yake kubwa haikuwa kushona nguo mpya. Ilikuwa kugeuza kola. Unafumua kola ya shati iliyochakaa, unaigeuza upande wa ndani uje nje, mtu anavaa mwaka mwingine. Kitambaa kilikuwa hakuna.

Wala simo katika kundi la wanaomtukana. Kuniwezesha mimi mtoto wa maskini kusoma na kuandika ni kazi yake, na kuachia madaraka kwa hiari si jambo dogo katika bara hili. Hata yeye hakujipamba hivi: mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipofikisha miaka kumi, aliandika waziwazi kwamba Tanzania bado haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Hiyo nayo haimo kwenye flashi.

Muuzaji anayo nyingine ya Magufuli, bei ileile. Nilimwomba aniwekee kidogo pale mezani. Utumbuaji upo, reli ipo, bwawa la Rufiji lipo. Mikutano ya hadhara iliyozuiwa 2016 haipo, magazeti yaliyofungiwa hayapo. Amefariki Machi 2021 na tayari ameshakatwa vipande vitamu. Mzee Mwinyi naye, aliyekuwa akisemwa kila kijiwe alipokuwa madarakani, alipofariki Februari 2024 kila mtu alimkumbuka kwa upole wake. Kwa mwendo huu hata huyu tuliye naye leo ataandaliwa flashi yake, na wajukuu wetu watamtumia kumpigia rais wao.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ulinganisho huu hauwatishi wakubwa hata kidogo. Kila Oktoba 14 wao ndio wa kwanza kumnukuu. Swali linalowabana ni dogo na halina sauti tamu: mwaka 1992 Tume ya Jaji Nyalali, ile ya kukusanya maoni kuhusu vyama vingi, ilitaja sheria 40 zinazokandamiza watu, zipi zimefutwa na zipi bado zinatumika? Ukiuliza hivyo, rais wa leo ana la kujibu. Lakini na Mwalimu pia ana la kujibu, maana ile ya 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani ilitumika chini yake. Labda ndiyo sababu kibandani kwangu swali hilo haliulizwi.

Kwa bidhaa natoa nyota tatu kati ya tano. Ukienda kununua, mwambie muuzaji akuwekee Mei Mosi nzima, usikubali vipande. Kagua folda kabla hujatoa hela. Mimi mpwa wangu amenisaidia kubadilisha majina yote kwenye kompyuta, mwaka unatangulia kisha mahali, na tangu hapo ubishi kibandani umepungua kidogo kwa sababu mtu anaona 1995 kabla hajaanza kupiga kelele.

Kijana wa Kariakoo nilimrudia kumwulizia hotuba za 1983. Akaniambia, "Mama, hizo haziulizwi."