DAP ya kupandia: inafanya kazi, ila mfuko hausemi fosfeti imechimbwa kwa nani

Msimu uliopita nilitumia mbolea ya DAP (daiamonia fosfeti) ya mfuko wa kilo 50, niliyoinunua katika duka moja la pembejeo pale Mwanjelwa, Mbeya, kwenye shamba la mahindi na viazi mviringo lililoko upande wa Uyole. Kuhusu utendaji sina malalamiko. Chembe zake ni ngumu na kavu, hazikugandana hata baada ya mfuko kukaa stoo wakati tukisubiri mvua, na zilimiminika vizuri mkononi wakati wa kupanda. Matuta machache ya mwisho yalikosa mbolea kwa sababu mfuko uliisha, na wiki chache baada ya kuota mahindi ya matuta hayo yaligeuka zambarau kwenye kingo za majani, dalili ambayo mkulima yeyote wa nyanda hizi anaijua kuwa ni njaa ya fosforasi. Mengine yote yalibaki kijani. Udongo wetu mwekundu una tindikali na huishika fosforasi kiasi kwamba mmea hauipati kirahisi, kwa hiyo mbolea yenye fosfeti, yaani fosforasi katika umbo la mbolea, asilimia 46 si anasa huku kwetu.

Kasoro ninayoiona iko kwenye maandishi ya mfuko. Yanataja viwango vya virutubisho, uzito na jina la mtengenezaji, lakini hayataji machimbo ambako mwamba wa fosfeti ulitolewa. Nilipomuuliza muuzaji, kijana mwenye adabu anayejua vizuri kiasi cha kuweka kwa ekari, alinijibu, "Mzee, hiyo inatoka Dar." Jibu hilo lingenitosha kama nisingekuwa nimesoma habari za kisiwa cha Nauru.

Simaanishi kwamba DAP inayouzwa Mbeya leo imetoka huko. Fosfeti ya Nauru ilirutubisha zaidi mashamba na malisho ya Australia na New Zealand, na kwa sehemu Uingereza. Ninaitaja kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo gharama ya mbolea ya namna hii inaonekana wazi namna ile. Nauru ni kisiwa cha Bahari ya Pasifiki chenye kilomita za mraba 21 tu, kidogo kuliko kata nyingi za Wilaya ya Mbeya. Fosfeti yake ilitambuliwa karibu na mwaka 1900, kisiwa kikiwa chini ya Wajerumani, na uchimbaji ulianza miaka michache baadaye. Kuanzia mwaka 1919 Uingereza, Australia na New Zealand ziliunda tume ya pamoja ya kuichimba na kujiuzia kwa bei ya chini kuliko ya soko, ilhali wenye ardhi katika miaka ya mwanzo walikuwa wakilipwa nusu peni kwa tani. Kwa lugha nyingine, mkulima wa Australia alipata ruzuku ambayo mlipaji wake alikuwa Mnauru.

Namna kazi ilivyofanyika ndiyo inayoeleza ukubwa wa hasara. Fosfeti ile ilikuwa imejaa katikati ya minara ya mawe ya chokaa, karibu kabisa na uso wa ardhi. Ili kuipata, wachimbaji walifyeka miti, wakaondoa udongo wa juu, kisha wakachota kila kilichokuwamo baina ya minara hiyo. Kilichobaki ni msitu wa mawe yaliyochongoka, marefu kuliko mtu, yasiyolimika, yasiyojengeka na hata kupitika kwa shida. Takriban asilimia 80 ya kisiwa iliishia hivyo, na watu wakabaki kwenye ukanda mwembamba wa pwani wakitegemea chakula kinacholetwa kwa meli. Kisukari na unene wa kupindukia vikawa miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Ndege waliokuwa wakitaga katika miti ya nyanda za juu za kisiwa walipoteza makazi pamoja na miti hiyo.

Huku kwetu tunayo Chunya, ambako dhahabu ya Lupa ilivuta watu tangu kabla ya vita vya pili vya dunia. Mashimo yapo, zebaki ipo, na sitaki kuyafanya hayo kuwa madogo. Lakini dhahabu ilipopungua, mtu wa Chunya alikuwa na pa kwenda kulima tumbaku au kuchunga ng'ombe. Mnauru hakuwa na pa kusogea. Australia ilipendekeza kuwahamishia wote katika kisiwa cha Curtis, pwani ya Queensland, na mwaka 1964 walikataa, kwa kuwa wangepoteza utaifa wao. Wenzao wa Banaba, kisiwa jirani kilichochimbwa na tume hiyohiyo, walikuwa wamekwisha kuhamishiwa Rabi huko Fiji mwaka 1945.

Uhuru ulikuja tarehe 31 Januari 1968, na hapa ndipo habari inapokuwa ngumu, kwa maana lawama haibaki tena kwa wageni peke yao. Nauru iliyanunua machimbo, na katika miaka ya 1970 pato la kila mwananchi likawa miongoni mwa makubwa duniani. Serikali haikutoza kodi ya mapato. Fedha ziliwekwa katika mfuko wa dhamana ambao ulifikia zaidi ya dola bilioni moja za Australia, zikanunua jengo la ghorofa 52 mjini Melbourne, hoteli, na shirika la ndege lenye ndege nyingi kuliko mahitaji ya nchi ya watu elfu chache. Uwekezaji mbovu, wizi na mikopo viliula mfuko huo. Jengo la Melbourne liliuzwa mwaka 2004 kulipia madeni, na mwaka uliofuata ndege ya mwisho ikakamatwa na wadai. Nauru iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1989 kwa uharibifu wa ardhi uliofanyika kabla ya uhuru, na mwaka 1993 wakapatana kwa dola milioni 107 za Australia. Tangu mwaka 2001, isipokuwa kati ya mwaka 2008 na 2012, sehemu kubwa ya mapato imetokana na kuhifadhi waomba hifadhi ambao Australia haiwataki kwake. Siku hizi nchi hiyohiyo ni mdhamini wa kampuni inayotaka kuchimba madini chini ya bahari kuu. Nashindwa kuilaumu, ingawa inanitisha.

Kwa hiyo tathmini yangu ya DAP hii ni nyota nne kwa tano kwa kazi ya shambani, na moja kwa maelezo. Mwenye nafasi ajaribu pia fosfeti ya Minjingu, kutoka Manyara. Hiyo ni ya ndani, machimbo yake yanajulikana na serikali inayoweza kuulizwa ni yetu. Iliyosagwa bila kutengenezwa chembe ina vumbi linalokera, na huyeyuka polepole, lakini tindikali ya udongo wa huku huisaidia kuyeyuka. Mimi msimu ujao nitaweka nusu kwa nusu. Kabla ya kununua yoyote, peleka udongo wako ukapimwe kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, maana wapo wanaomwaga DAP kila mwaka katika mashamba ya viazi ambayo tayari yana fosforasi ya kutosha, na hiyo ni fedha inayofukiwa bure.