Kilti ya harusi: ipi ununue, ipi ukodi, ipi uiache dukani

Anayeoa Uskoti, au anayesimama na bwana harusi wa Kiskoti, hutarajiwa kuvaa kilti, ile sketi ya wanaume yenye marinda nyuma, na huulizwa mapema sana: utavaa tartani gani, yaani kitambaa cha drafti ya rangi zipi? Wengi huanzia hapo hapo. Wiki nzima wanapekua picha za rangi, na siku ya kulipa wanachukua kilti yoyote iliyo na rangi waliyoipenda. Mimi ningeanzia upande wa pili. Kitambaa na mshono ndivyo vinavyoamua kama utapendeza au utaonekana umevaa nguo ya maigizo, na ndivyo vitakavyoamua kama mwanao ataweza kuivaa siku yake. Rangi ni suala la ladha na heshima kwa wakwe, na humo una uhuru mkubwa kuliko wauzaji wanavyokuambia.

Uzito kwanza

Kilti ya maana ni ya sufu tupu. Uzito wa kitambaa hutajwa kwa aunsi kwa yadi: aunsi 16 ni kizito, 13 ni cha wastani, 10 au 11 ni chepesi. Kilti kamili ya mwanamume huitwa ya yadi 8. Kwa kuwa viwanda hufuma kitambaa kipana, fundi huchukua yadi 4, hukikata katikati kwa urefu, kisha huunganisha vipande viwili. Piga hesabu: kwa aunsi 16 hizo ni takriban kilo 1.8 za sufu kabla mkasi haujapunguza chochote. Uzito huo ndio unaoyavuta marinda yashuke wima, na ndio unaoyafanya yayumbe kwa pamoja mtu anapotembea. Karibu kila harusi ya Kiskoti huishia kwenye ceilidh, zile ngoma za kushikana mikono na kuzungushana hadi jasho. Hapo ndipo kilti nyepesi inapomwaibisha mwenyewe, maana hupaa.

Ushauri wangu ni aunsi 13 kwa anayeishi nchi ya joto na 16 kwa anayeishi Uskoti. Kama harusi ni ya ufukweni, Zanzibar au Diani, mtu atakushawishi uchukue aunsi 10 ili usisikie joto. Kataa. Upepo wa bahari haumjali bwana harusi, na sufu ya aunsi 13 inavumilika jioni.

Mpangilio wangu, kutoka bora hadi ya kuachwa

*Ya kwanza: iliyoshonwa kwa mkono, yadi 8, kwa kipimo chako.* Takriban pauni 500 hadi 800, wakati mwingine zaidi, na hapo hujanunua koti wala viatu. Ni ghali, lakini ni nguo ambayo ikitunzwa inamzidi umri mwenye nayo. Iagize kama wewe ndiye bwana harusi na una hakika utaivaa tena: harusi za shemeji, sherehe za mshairi Robert Burns kila tarehe 25 Januari, mkesha wa mwaka mpya. Fundi huhitaji wiki 8 hadi 12, na majira ya harusi foleni hurefuka. Tartani isiyo ya kawaida inaweza kulazimu kitambaa kifumwe upya, kwa hiyo anza nusu mwaka kabla.

Ukipewa moja dukani uikague, fanya hivi. Igeuze nyuma uitandaze mezani. Mistari ya kulala inapaswa kuvuka marinda yote kama mstari mmoja ulionyooka, bila ngazi hata sehemu moja. Kisha tazama upana wa kila rinda: kiunoni ni jembamba, kwenye nyonga limepanuka kidogo, na upunguaji huo umegawanywa sawa kwa marinda yote. Fundi mzembe huyaacha yote sawa halafu anaficha ziada pembeni. Angalia ukingo wa chini pia. Kilti nzuri haina upindo kabisa. Chini ni ukingo wenyewe uliotoka kwenye mtambo wa kufumia, mnyoofu na mgumu kidogo. Ukikuta umekunjwa na kupigwa cherehani, punguza bei kichwani mwako papo hapo. Mwisho ipindue uone ndani: panapaswa kuwa na kitambaa kigumu cha kushikilia kiuno, kimefunikwa na bitana safi.

Muulize pia marinda yamepangwaje. Kuna kupanga kwa mchoro, ambapo drafti inayoonekana mbele inajirudia nyuma kana kwamba kitambaa hakikukunjwa. Na kuna kupanga kwa mstari, mtindo wa majeshi, ambapo mstari uleule unakaa katikati ya kila rinda. Huu wa pili naupenda zaidi: mtu akisimama, nyuma kote ni rangi moja tulivu, akianza kutembea, rangi zilizojificha zinachungulia. Wengi huchagua wa kwanza, na hauna kosa.

*Ya pili: mtumba.* Sioni kwa nini watu wanaona haya. Uskoti imejaa kilti za mkono zilizovaliwa mara chache, ziko maduka ya hisani, minadani na kwa maduka ya kukodisha yanayoondoa mali ya zamani, na bei mara nyingi ni nusu au chini ya mpya. Kiuno kinarekebishika, kwa kuwa fundi anaweza kuhamisha mikanda na bizimu kwa inchi kadhaa. Urefu ndio haurekebishiki: hakuna upindo, kwa hiyo hakuna cha kushusha. Pima urefu kabla ya kuuliza bei. Halafu iinue dhidi ya dirisha, rinda kwa rinda, uone kama nondo wamekula. Kitundu kilicho ndani ya rinda hakina neno. Kilicho mbele, iache.

*Ya tatu: kukodi.* Kwa mpambe wa bwana harusi na kwa mgeni ambaye hatavaa tena, hili ndilo jibu, tena la heshima. Seti nzima, koti hadi viatu, hupatikana kwa takriban pauni 80 hadi 150. Kitambaa huwa ni sufu nzuri, kwa sababu nguo ya kukodisha lazima ihimili kuvaliwa kila Jumamosi. Hasara ni kwamba utachagua katika tartani walizonazo tu. Na lile swali ambalo kila mtu atakuuliza kuhusu kinachovaliwa ndani: kwenye kilti ya kukodi, vaa chupi, tafadhali.

*Ya nne: sufu ya yadi 5, ya cherehani.* Marinda ni machache na hayana kina, kwa hiyo mwendo wake umepooza. Kwa mechi ya raga inafaa. Kwa harusi, afadhali ukodi ya yadi 8 kuliko kununua hii, ingawa mgeni mwenye bajeti ndogo anayetaka ya kwake hatachekwa.

*Ya tano: mchanganyiko wa polista na viskosi.* Inafulika kwenye mashine na inapendwa na bendi za watoto. Picha zitasema ukweli, hasa mwanga wa kamera ukiipiga.

*Ya mwisho: akriliki ya duka la watalii.* Ile inayoning'inia mlangoni kwenye Royal Mile kule Edinburgh, chini ya pauni 50, na begi lake la kuning'iniza limo kwenye bei. Inang'aa, haina uzito, na marinda yake yanafunguka kabla ya keki kukatwa. Mnunulie mjomba kama utani.

Sasa tartani

Utaambiwa kila ukoo una tartani yake tangu enzi na enzi, na kwamba kuvaa isiyo yako ni kosa. Historia haiungi mkono. Baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme, sheria ya 1746 iliwapiga marufuku wanaume wa nyanda za juu kuvaa mavazi hayo, na ikafutwa 1782. Kilichozigeuza tartani kuwa alama za koo kwa kiasi tunachokiona leo ni ziara ya Mfalme George IV mjini Edinburgh mwaka 1822, iliyosimamiwa na mwandishi Sir Walter Scott, pamoja na biashara iliyoifuata. Kiwanda cha Wilson kule Bannockburn kilikuwa kikiuza drafti nyingi kwa namba au kwa majina ya miji, na baadhi zilipewa koo baadaye. Daftari rasmi la tartani la Uskoti, lililofunguliwa 2009, linaandikisha michoro. Halimpi mtu ruhusa ya kuvaa wala halimnyimi. Tartani ya Balmoral, aliyoibuni Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, ndiyo usiyoweza kuivaa, maana ni ya familia ya kifalme.

Kwa hiyo Mushi au Otieno asitishwe na mashine ya "tafuta ukoo wako" dukani. Ningepanga hivi. Kama baba mkwe amesema vaa ya kwetu, mjadala umekwisha. Ni heshima uliyopewa, ichukue. Lakini usijichukulie bila kusema: kuna familia zinazofurahi bwana harusi akivaa tartani ya bibi harusi siku yenyewe, na kuna zinazoona asubiri ndoa ifungwe. Muulize mchumba wako, yeye anawajua. Kama hakuna neno kutoka huko, chagua ya mahali: kuna tartani za miji na wilaya, na ile ya Isle of Skye, yenye zambarau na kijani cha milimani, inapendwa sana harusini. Ukikwama kabisa, Black Watch. Bluu yake ya giza na kijani hukaa vizuri na gauni lolote, inaficha doa la mvinyo, na iko karibu kila duka la kukodi, kwa hiyo wapambe watafanana.

Kufanana huko kuna mtego. Tartani moja hutengenezwa kwa rangi za aina kadhaa. Modern ni nzito na kolevu, Ancient imepauka kana kwamba imeoshwa na miaka, na Weathered inaelekea kwenye kahawia na kijivu. Mchoro ni uleule, lakini ukiwasimamisha wa Modern na wa Ancient bega kwa bega, picha inaharibika. Tena Ancient ya kiwanda kimoja hailingani sawasawa na ya kiwanda kingine. Omba kipande cha sampuli chenye jina la kiwanda, kipeleke nje mchana, kiweke kando ya kitambaa cha gauni. Taa za dukani zinadanganya.

Kipimo na vinavyofuatana nayo

Saizi ya suruali yako ya jinzi haina kazi hapa. Kilti hukaa juu, usawa wa kitovu, na kwa wanaume wengi hapo ni pana kuliko panapokaa suruali. Mtu mwingine akupime: kiuno, nyonga, na urefu kutoka kiunoni hadi katikati ya goti. Tazama mbele wakati wote, maana ukiinama kuangalia futi, kipimo cha urefu kinaharibika.

Vifaa vingine vyote unaweza kukodi hata kama kilti ni yako. Koti la Prince Charlie ni la jioni na tai ya kipepeo. La Argyll linafaa mchana na jioni. Ukivaa kizibao usivae mkanda. Pini ya kilti hupigwa kwenye kipande cha juu tu, kati ya viwili vinavyopishana mbele. Ukishikiza vyote viwili, kitambaa kinavutana na siku moja kitachanika. Kisu kidogo cha soksini, sgian dubh, kinaruhusiwa na sheria ya Uskoti kama sehemu ya vazi, ila uwanja wa ndege hawajali vazi, kwa hiyo kiweke kwenye mzigo unaopitishwa chini.

Kwa bibi harusi, mtandio wa tartani hiyohiyo unatosha. Familia nyingi humfunga begani kwa bruchi baada ya viapo, kumkaribisha ukooni, kwa hiyo uagize pamoja na kilti, kutoka kipande kimoja cha kitambaa. Ukichelewa, kitambaa kinaweza kuwa kimeisha, na kile kitakachofumwa baadaye kinaweza kutofautiana kidogo rangi.