TAHADHARI: Wazazi mnaohamia Dubai, kuna mtu anauza nafasi za shule ambazo hazipo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawaandikia wazazi mnaokuja Dubai na watoto, na mlioko huku mnaotaka kuwahamisha shule. Yuko Mswahili mwenzetu anayejiita wakala wa shule za kimataifa. Anapokea pesa za kushika nafasi, anakuletea barua yenye nembo ya shule, na nafasi yenyewe haipo. Kwangu amekula dirhamu 15,000, za watoto wawili. Nilinyamaza kwa aibu. Jana nimesikia yuko nyumbani kwa dada mmoja Deira, anakunywa chai na kupanga habari za shule, nikaona nikiendelea kukaa kimya dhambi itakuwa yangu.

Nilikuwa peke yangu na watoto, Agosti inakaribia, na kila shule ya mtaala wa Uingereza tunayoiweza kwa ada inaniambia nisubiri kwenye foleni.

Sasa nyinyi mnaoniuliza "ulimlipaje mtu wa njiani?", nisikilizeni. Hakuwa wa njiani. Alikaa nasi kwenye hitma ya marehemu mama. Vyeti vya kijana wa Mama Yusra ni yeye aliyevifuatilia mihuri wizarani na ubalozini, na vikatoka sawasawa. Halafu alitupeleka shuleni kwenyewe, kwa miguu yetu.

Ilikuwa Jumamosi. Mlinzi wa getini alimsalimia kwa Kiurdu, wakacheka kama watu wanaojuana. Akachukua vitambulisho vya wageni mezani, akatuvisha shingoni mimi na watoto, akatangulia mbele. Tukaona maktaba, tukaona maabara, tukaona bwawa la kuogelea. Mwalimu mmoja Mzungu alimpa mkono. Tulipofika darasa la Year 5, binti yangu Salma akakaa kwenye dawati la dirishani akaniambia, "Mama, mimi nitakaa hapa." Yule mtu akaliona hilo. Akainama mpaka usawa wa mtoto, akamwambia, "Dawati hilo ni lako binti, anko ameshakuwekea." Mwanangu alifurahi siku nzima. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Nimekuja kujua baadaye kwamba siku ile shule ilikuwa imefungulia wazazi wote. Mtu yeyote angeingia, angejiandikisha na kuvaa kitambulisho kile.

Kutoka pale akatupeleka mkahawani, akafungua kompyuta. Akanionyesha jedwali la majina, ya Kihindi, ya Kiarabu, ya Kizungu, na chini mistari miwili mitupu. "Dada yangu, hizi mbili ndizo zilizobaki, na saa kumi mfumo unafungwa." Akaandika jina la Salma na la Yusuf mbele ya macho yangu, huku anasoma herufi moja moja kwenye pasipoti zao. Akanipa namba ya akaunti. Niliona jina la mtu binafsi, na nikamuuliza, wallahi nilimuuliza. Akasema hiyo ni ya mhasibu, kwamba akaunti ya shule inapokea ada tu, na pesa ya kushika nafasi ikipitia kwa mhasibu watoto wanapata punguzo la ndugu. Akaapa kwa Mungu. Yusuf ananivuta nguo, saa kumi kasoro, namba ya siri ya benki ikaingia kwenye simu, nikabonyeza. Hata juisi hatujamaliza, barua ya kukubaliwa ikaingia kwenye barua pepe: nembo ya shule, majina kamili ya watoto, saini ya mkuu wa shule.

Nikanunua sare. Nikawaambia bibi zao Unguja.

Tulipokwenda ofisi ya usajili kumalizia, dada wa pale akatafuta majina kwenye kompyuta, akatafuta tena, kisha akaisoma barua polepole. Mkuu wa shule ambaye saini yake iliwekwa pale alishaondoka tangu mwaka uliopita. Akaniambia kwa upole kwamba hawana wakala anayewapokelea pesa. Watoto wamesimama nyuma yangu na sare mpya. Nilimpigia yule mtu pale pale, simu ikaita, ikakatwa, na WhatsApp akanifungia.

Mtu kama huyu mimi simtakii msamaha. Anajua mzazi mgeni hulala macho kwa ajili ya shule ya mtoto, na hapo ndipo anapokamata. Afungwe, na akimaliza kifungo arudishwe alikotoka. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya huku, namba 34 ya 2021, inampa mtapeli wa namna hii kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au faini kuanzia dirhamu 250,000, au vyote viwili. Na apewe yote! Jina lake siliandiki hapa kwa sababu sheria hiyo hiyo inamshika anayemtaja na kumchafua mtu mtandaoni, na sitaki mimi ndiye niwe mshitakiwa. Ukitaka kujua ni nani, nipigie.

Mnaotafuta shule: mamlaka ya elimu ya Dubai, KHDA, inaweka mtandaoni ada ya kila shule binafsi, darasa kwa darasa. Pesa ya kushika nafasi kwa mwanafunzi mpya haizidi asilimia 10 ya ada ya mwaka, na inakatwa kwenye ada. Darasa la Salma ni 38,000, maana yake shule yenyewe isingenidai zaidi ya 3,800. Yeye alichukua 7,500 kwa kila mtoto! Aliniambia pia watoto wangu watasamehewa mtihani wa kupimwa, na cheti cha uhamisho kitafuata baadaye. Shule za huku zinakitaka cheti hicho, na kikitoka kwetu kinatakiwa kiwe na mihuri. Anwani ya barua pepe yake ilikuwa ya Gmail. Mwenye akaunti ni mtu, si shule: hapo simama, hata kama anayekwambia ulipe mmesoma naye hitma. Piga simu ya ofisi ya usajili kwa namba iliyo kwenye tovuti ya shule, si namba anayokupa yeye.

Na bado ana nakala za pasipoti za wanangu. Mungu ndiye anajua anazifanyia nini.

Nimeshapeleka malalamiko Polisi ya Dubai kupitia mfumo wao wa eCrime. Nimeambatanisha risiti ya benki, barua ile na sauti zake zote alizonitumia. Uliyemlipa, usifute mazungumzo hata akikubembeleza kwamba atarudisha nusu. Peleka malalamiko yako mwenyewe, au niandikie leo nikuelekeze pa kubonyeza. Na wewe dada wa Deira, ukiwa unasoma hapa, akija tena usimpe hata nakala ya pasipoti, nipigie akiwa bado amekaa.